Chumba Kilichonukia Udi

Mtaani kwetu Kiponda amefariki mtu ambaye wengi wenu hamkumjua, na wachache mliomjua mlikuwa mkimcheka. Alikuwa mkaguzi wa karafuu ghalani, na nyumba yake na yangu zilitazamana mlango kwa mlango. Habari nimeipata kwa muuza kahawa, aliyeniambia huku akinimiminia kikombe: "Bwana, yule mshika kuta wenu keshaondoka. Alfajiri hii." Nilikiweka kikombe chini na sikukigusa tena. Wiki hii nilikusudia kuandika juu ya mitaro ya mji, na ugomvi wangu na wanaoitupia taka mnaujua, lakini mitaro itangoja. Nimehuzunika kuliko nilivyodhani ningehuzunika kwa mtu ambaye hakuwa ndugu yangu, wala hatukuwa watu wa kualikana kila siku. Tulipomteremsha kaburini nililia mbele za watu, na sioni haya kulisema. Naona bora nieleze kwa nini.

Jina hilo la mshika kuta alipewa mabarazani, na si kwa ubaya. Marehemu alikuwa na tabia moja ya ajabu. Akiingia nyumba ya mtu, iwe kwa harusi, kwa msiba au kwa kuja kuazima nyundo tu, akishatoa salamu hakai. Kwanza atauendea ukuta, aweke kiganja chake chote juu yake, anyamaze kidogo kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa, kisha ndipo akae. Watu wakisema huyu huzisalimia nyumba kabla ya wenyewe. Wengine wakisema ni mazoea ya kazi, maana mtu aliyeshinda siku nzima akitumbukiza mkono ndani ya magunia kutafuta karafuu mbichi, mkono wake haujui kustarehe. Mimi sikuwa nikicheka. Nilikuwepo siku ile tabia hiyo ilipoanza, nikiwa nimeshika upande mmoja wa kabati.

Kwa msomaji asiyepata kukaa ndani ya nyumba zetu za mawe, na hasa nyinyi wa shamba mnaotuonea choyo kwa milango yetu ya nakshi, nieleze kidogo maisha yalivyo ndani. Kuta zetu ni mawe ya pwani yaliyoshikanishwa kwa chokaa, nene kiasi cha mtu mzima kukaa dirishani na miguu yake yote. Mawe yale yana chumvi na yanakunywa maji. Ikifika masika kila kitu kinafanya koga: viatu chini ya kitanda, mkanda wa suruali, kofia ya kiua, hata msahafu usipofunguliwa mara kwa mara kurasa zake zinashikana. Mabibi wa mji huu wana vita vyao vya kila mwaka. Magodoro yanapandishwa darini kila jua linapochungulia, masanduku yanaachwa wazi, nguo zinafukizwa, na jioni utawasikia wanaulizana madirishani nani kanusurika na nani kapoteza kanga zake za arusi. Na ukuta wenyewe hutuvulia chokaa mchana na usiku. Ukiuegemea na kanzu ya Ijumaa umeondoka na robo yake mgongoni. Ndiyo maana kila Shaaban, kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, mji mzima hukwangua kuta na kuzipaka chokaa upya, na mji mzima hulalamika.

Mke wa jirani yangu alikuwa mtu wa Jambiani, mwembamba, mcheshi, mwenye kicheko kilichokuwa kikivuka njia na kuingia kwetu bila hodi. Alikuwa na pumu. Hawakujaaliwa mtoto, basi mapenzi yote ya nyumba ile yalikuwa baina yao wawili, na yalikuwa mengi. Miaka yote, masika yalipokaribia, alikuwa akifunga kifurushi chake cha nguo na kupanda gari la shamba kwenda kwao. Huko Jambiani nyumba ya wazazi wake ilikuwa ya makuti, upepo wa bahari unaingia huku na kutokea kule, na kifua chake kilikuwa kikitulia. Mvua zikikatika anarudi, amenenepa kidogo, na jirani yangu aliyekuwa akila kwa majirani siku zote hizo anaanza tena kutembea kama mtu. Mipango hiyo ilikuwa ikimuuma. Aliniambia mara moja barazani, "Mtu gani mie, nisiyeweza kumweka mke wangu nyumbani kwangu mwaka mzima? Kila masika nampeleka kwao kama niliyemwazima."

Ndipo ilipoingia saruji. Ilikuwa ndiyo inaanza kuzoeleka mjini, na kila mwenye uwezo wa gunia moja alikuwa akitafuta pa kulimwaga. Jirani yangu akaazimia kumjengea mkewe chumba kisichojua masika. Alijinyima muda mrefu, kisha akaleta fundi, akakikwangua chumba chao cha kulala mpaka mawe yakaonekana, akakipiga plasta ya saruji kuta zote, na juu yake akapaka rangi ya mafuta ya buluu iliyong'aa. Ukuta ulikuwa mgumu kama sahani. Ukipitisha kidole, hakitoki na kitu. Mtaa mzima ulikwenda kutazama, na sisi wanaume tuliruhusiwa siku moja kabla kitanda hakijarudishwa, tukausifu ukuta ule kama tunavyosifu farasi wa mtu. Mkewe alisimama nyuma ya mlango akicheka, na nilimsikia akisema, "Sasa nyumba yangu naweza kuipigia busu bila kula chokaa!" Jirani yangu siku ile alikuwa na furaha ambayo sijapata kuiona tena usoni mwake. Alisema mbele yetu sote, "Basi tena, hakuna safari za Jambiani. Masika haya mke wangu anakaa kwake."

Masika yakaja, na akakaa kwake. Mimi nilikuwa jirani na niliyoyaona niliyaona kwa nje. Niliona madirisha ya chumba kile yamefungwa siku nzima kwa ajili ya mvua. Nilisikia kikohozi, na jirani yangu akatuambia barazani, kwa moyo safi kabisa, "Kama ndani ya chumba kikavu anakohoa hivi, ingekuwa kile cha zamani si tungemzika?" Tukaitikia. Na zaidi ya yote, nilinusa udi. Kila alasiri, kabla mumewe hajarudi ghalani, harufu ya udi ilikuwa ikitoka nyumba ile na kujaza njia. Si udi wa Alhamisi na Ijumaa tuliouzoea. Ulikuwa wa kila siku, mzito, wa kufukizia maharusi. Mke wangu hakuchelewa kupata la kuniambia. "Mwenzio anapokewa na chetezo kila siku ya Mungu, na wewe unataka kahawa tu." Nami nikamwambia mwenzangu ananuka karafuu, lazima afukiziwe. Tukacheka. Jirani yangu naye alikuwa akijigamba kwa haya: "Nnaingia ndani nnaona moshi wa udi, kitanda kimenyooshwa, ukuta unang'aa. Jamani, mie nshaoa mara ya pili mke yule yule."

Mkewe alifariki katikati ya masika hayo, adhuhuri, kwa pumu. Mumewe aliitwa kutoka ghalani, akaja mbio na mikono yake imepauka kwa vumbi la karafuu, na hakumkuta. Sitaieleza hali yake kwa sababu hata nikiweza haitakuwa heshima. Nitaeleza kilichofuata. Desturi yetu mnaijua: nyumba ya msiba hutolewa vyombo, mikeka ikatandikwa, wanawake wakapata pa kukaa. Shemegi yake, dada wa mkewe aliyekuwa amekuja kutoka Jambiani kumwangalia ndugu yake, aliomba chumba kile cha buluu kitolewe kabati. Tuliingia watu watatu, mimi, jirani mwingine, na yeye mwenyewe aliyekataa kukaa kitako. Tulilishika kabati lile la mvule na kulisogeza.

Ukuta uliokuwa nyuma yake ulikuwa mweusi. Kuanzia sakafuni mpaka usawa wa kifua changu ilikuwa koga tupu, iliyoota manyoya, na rangi ya buluu imevimba na kupasuka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Maji yalikuwa yakichuruzika. Harufu iliyotupiga ilikuwa ya kisima kilichofunikwa miaka. Chini, pembeni, palikuwa na bakuli la siki na kitambaa kilichokunjwa vizuri. Jirani yangu aliweka kiganja chake juu ya ukuta ule na hakukiondoa.

"Hii nini?" akauliza.

"Shemegi, twende nje," dada yule akamwambia kwa upole. "Watu wanakuja."

"Nnakuuliza, hii nini?"

"Ni koga, shemegi. Mwenyewe alikuwa akiijua. Kila siku ukishatoka hulivuta kabati kidogo akaingia nyuma, akaifuta kwa siki. Na kila siku inarudi. Mie nlipokuja nlimkuta kapiga magoti hapo anafuta, hapati pumzi. Nkamwambia mwambie mumeo, au twende zetu kwetu. Akakataa."

"Kwa nini akatae? Mie nlikuwa mkali kwake?"

"Hukuwa mkali. Alisema, 'Kanijengea chumba hiki kwa mapenzi, mji mzima umekuja kukitizama. Leo niende Jambiani watu waseme nini? Nimwambie kimeoza? Sitomwaibisha mume wangu.' Akaniapisha nisikwambie."

Jirani yangu akauliza jambo ambalo nadhani alikuwa keshalijua. "Na udi?"

"Wa kuua harufu, usije ukaisikia."

"Mie nlikuwa nkisema kanipenda," akasema jirani yangu.

"Na alikupenda, shemegi," dada yule akamjibu, na hapo ndipo yeye mwenyewe alipoanza kulia.

Wasomaji wangu, mimi si mtu wa kuamini kuwa binadamu anaweza kuisogeza mbele au nyuma siku iliyoandikwa, na jirani yangu pia hakuwa mtu huyo. Watu walimwambia ni kadari, naye akaitikia, "Naam, ni kadari." Lakini arubaini ilipokwisha alinunua patasi na nyundo, na kila akirudi kazini alikuwa akiingia chumba kile na kuibandua saruji kwa mkono wake. Tulitaka kumsaidia, akatukataza. Chini ya saruji mawe yalikuwa yameloa kama yaliyotoka baharini leo. Maji ambayo zamani yalikuwa yakitoka taratibu kwa kupitia chokaa, yale yaliyokuwa yakitupukutikia mgongoni na kutuudhi, yalikuwa yamefungiwa ndani na hayakuwa na pa kwenda ila kupanda. Mawe yale yalikauka pale kaskazi iliposhika sawasawa. Akayapaka chokaa, akarudisha kitanda, akaendelea kulala humo peke yake. Udi haukuingia tena nyumba ile. Hata siku za sikukuu alikuwa akivaa kanzu yake inayonukia sabuni tu, na mtu akimletea kijiti cha udi kama zawadi alikuwa akishukuru na kumpa mtu mwingine.

Hapo ndipo alipoanza kutushikia kuta. Kwangu alikuja mwaka mmoja baadaye, akaweka kiganja ukumbini, kisha badala ya kuniuliza mimi akamgeukia mke wangu aliyekuwa nyuma ya pazia. "Bibi, chumbani mnalala vipi?" Mke wangu akajibu kama tunavyojibu sote, "Tunalala vizuri, alhamdulillahi." Jirani yangu akasema, "Hilo jibu la wageni. Nnalitaka la pili." Mke wangu akacheka. Kisha sauti yake ikawa ndogo. Akasema upande wake wa kitanda panavuja, kwamba masika yote mawili alikuwa akitega beseni na kuliondoa kabla sijarudi, na amekuwa akigeuza godoro ili upande mkavu uwe wangu. "Nlimwona ana mambo mengi," akasema, "na mwaka jana tu kapanda darini mwenyewe kuziba, akashuka anajisifu." Mimi nilikuwa nimekaa pale pale na kikombe mkononi, nikiyasikia haya kwa mara ya kwanza, nyumbani kwangu mwenyewe, kwa sababu ya swali la mtu mwingine.

Nimewasikia baadhi ya watu wakikifanya kisa hiki kuwa hoja dhidi ya mambo mapya. Wanasema mnaona, saruji imeua mtu, turudi kwa mababu. Mimi sitaki kusikia upuuzi huo juu ya kaburi ambalo halijakauka. Saruji ina mahali pake. Huko Ng'ambo, nje ya mji huu wa mawe, watu wanajengea na wanalala salama, na vijiji vingi vingeshukuru kupata sakafu yake. Mji huu unabadilika na utabadilika, na sio kila kilichokuwa zamani kilikuwa na hekima. Zamani hizo hizo ndizo zilizokuwa zikituvulia unga migongoni. Ukuta ule haukuwa na kosa la kuwa mpya. Ulikosewa kwa kuwekwa pasipofaa, na kosa kama hilo hurekebishwa kwa patasi na nyundo mara tu linapotajwa. Halikutajwa. Sisi watu wa mji huu tumelelewa kusitiri. Kusitiri ni jambo jema na mimi sitalisema vibaya. Mtu akisitiri njaa yake au aibu ya jirani yake, Mungu amlipe. Lakini tumefika mahali tunawasitiria wapenzi wetu hata yale yanayotutoa roho, na tunaiita hiyo adabu. Mwanamke anaona koga ikipanda ukutani, mwenyewe hapati hewa, na kinachomshughulisha ni mume asivunjike moyo. Anajifungia na moshi juu ya kikohozi chake, na anafanya hivyo kwa ustadi na kwa mapenzi ya kweli. Na sisi tunapita njiani tunanusa, tunasema nyumba ile kuna raha.

Nilikwenda kumtazama jirani yangu hospitali juma lililopita. Alikuwa amepungua sana, mikono yake ile ya ghalani imebaki mifupa, lakini akili yake ilikuwa nzima. Tulizungumza juu ya bei ya karafuu, juu ya jirani yetu mmoja mpenda kesi, tukacheka kidogo. Nilipoinuka akanishika kanzu.

"Watu wanadhani nnailaumu simiti," akasema. "Simiti ingetoka. Mie nliusifia sana ule ukuta. Nliwaita nyote mje muutizame. Nkamwambia kila siku, tizama, tizama. Nkimuuliza unalala vipi, anajibu vizuri, nami nnafurahi. Unafahamu? Sikumjengea chumba. Nlimziba mdomo."

Nilimwambia asiseme hivyo. Nilimwambia mkewe alikuwa radhi naye, na naamini alikuwa radhi naye. Akatikisa kichwa, akaniachia kanzu, akasema, "Radhi alikuwa nayo. Pumzi ndiyo hakuwa nayo." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu.

Nimeyafikiri tangu tulipotoka makaburini, na ninalotaka kuwaachia ni hili. Unapompa mtu unayempenda kitu, mpe pamoja nacho ruhusa ya kukwambia kuwa hakimfai. Kadiri zawadi inavyokuwa kubwa, na kadiri unavyojinyima kwa ajili yake, ndivyo ruhusa hiyo inavyokuwa ngumu kwa mwenzio kuichukua mwenyewe, basi uitoe wewe, na uitoe tena. Haitolewi kwa swali la mlangoni huku unavua viatu. Kaa kitako, uliza, pokea jibu la kwanza, kisha ulingoje la pili. Jirani yangu alikuja kuyajua haya akiwa hana tena wa kumuuliza, ndipo akaanza kuja majumbani mwetu kutuuliza sisi.